Gunia la viazi la Isongole na umaskini wa asilimia 26.4

SWALI: Mwalimu, pole na kazi. Mimi ni mkulima wa viazi hapa Isongole, Rungwe. Mwaka 2018 walikuja kwangu vijana wawili wenye vishikwambi. Tulikuwa nao kama wiki mbili, kila siku wanauliza: mmekula nini, sabuni mmenunua bei gani, mtoto amepewa shilingi ngapi ya shule. Mke wangu alichoka kabisa. Wakaondoka, hatukuwaona tena. Baadaye nikasikia redioni kwamba umaskini umepungua, sasa ni asilimia 26.4. Umepungua kwa nani? Viazi tunauza lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, mbolea haishikiki, ushuru tunalipa na barabara ni ileile. Je, wale vijana waliandika tulichowaambia au waliandika cha kwao? Mbona hawakurudi kutuambia walichopata? Na wakija tena, nina haki ya kukataa?

JIBU: Ndaga fijo kwa swali, ndugu yangu, na mama mwenye nyumba mpe pole kwa zile wiki mbili. Najua alivyochoka, maana nami kazi hii niliianzia huko chini, nikiwa mdadisi, madodoso ya karatasi kwapani, mvua ya Makete inaninyeshea, naulizia watu habari za chumvi. Karatasi ikilowa unarudi kwa mwenye kaya kumwomba muanze upya, naye anakutazama kama mtu aliyekuja kukopa mara ya pili kabla ya kulipa deni la kwanza.

Nianze na vijana wako. Naamini waliandika walichosikia. Wapo wadadisi wanaokaa chini ya mparachichi wakajaza dodoso kutoka kichwani, na mmoja nimewahi kumfukuza mwenyewe. Lakini kwa kazi ya siku 14 mfululizo, msimamizi akipita bila taarifa, kutunga majibu ya kaya nzima bila kujikanyaga kunachosha kuliko kwenda kuuliza. Kwa hiyo wale vijana waache. Tuitazame namba yenyewe inajibu swali gani, halafu tulitazame gunia lako, maana humo ndimo penye mambo.

Uliofika kwako, kwa jinsi ulivyoueleza, ni Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18, unaofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Ulianza Desemba 2017 ukamalizika Novemba 2018. Jina linatanguliza mapato, ila umaskini haupimwi kwa mapato. Mkulima ukimuuliza mwaka jana aliingiza shilingi ngapi atakisia tu, na hana kosa: hela ya viazi huingia mara mbili tatu kwa mwaka na kutoka kila siku. Ndiyo maana wanahesabu matumizi. Kilichonunuliwa kinaandikwa, na kile mlichochimba shambani mkala bila kumlipa mtu nacho kinaandikwa. Ndipo yule kijana aling'ang'ania kujua viazi vya mchana vilitoka wapi na maziwa ya asubuhi ni ya ng'ombe wa nani. Vyote vinapewa bei, vinajumlishwa, vinagawanywa kwa watu wa kaya, mtoto akihesabiwa pungufu ya mtu mzima kwa kuwa anakula kidogo. Kinachopatikana kinalinganishwa na mstari wa umaskini.

Huo mstari ndio redio haikutajii. Mwaka ule ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima mmoja kwa mwezi. Gawanya kwa siku 30 unapata shilingi 1,644. Katika hizo 49,320, chakula peke yake ni 33,748. Zinazobaki, 15,572, ndizo nguo, sabuni, dawa, daftari, kuchaji simu na nauli ya kwenda Tukuyu kwa mwezi mzima. Sasa chukua kaya ambayo watu wake, watoto wakishapunguzwa uzito, ni sawa na watu wazima wanne. Mstari wao ni shilingi 197,280 kwa mwezi, na ndani ya hesabu hiyo thamani ya viazi, mahindi na maharage ya shambani imo. Kaya ikivuka hapo kwa shilingi mia mbili, imeshatolewa kwenye orodha ya maskini.

Kwa hiyo usishangae nikikuambia kwamba huenda wewe mwenyewe umeandikwa si maskini. Una shamba, una ng'ombe, mnakula viazi vyenu. Mstari ule unauliza jambo moja tu: ni Watanzania wangapi wanaishi chini ya kiasi hiki cha chini kabisa? Mwaka 2011/12 walikuwa asilimia 28.2. Mwaka 2017/18 wakawa 26.4. Wewe unauliza mbona husogei, na hilo ni swali jingine kabisa. Namba haijakudanganya, haikuulizwa habari zako.

Na "umepungua kwa nani" yako ni swali zuri kuliko unavyodhani. Mtangazaji akisoma namba moja, anaficha nyingi. Vijijini umaskini ulikuwa asilimia 31.3, mijini 15.8. Tena asilimia kushuka kwa pointi 1.8 ndani ya miaka 6, huku watu wanazaliwa, hakupunguzi vichwa: mwaka 2018 Watanzania takribani milioni 14 walikuwa chini ya mstari. Ukisema umaskini umepungua hujasema uongo, na ukisema maskini ni wengi hujakosea. Wanasiasa wa pande zote mbili wanalijua hilo vizuri, kila mmoja anachagua nusu yake.

Sasa tuje kwenye kupima. Utafiti wa 2011/12 uliwaandika watu matumizi yao kwa siku 28. Ule wa 2017/18, uliokuchosha wewe kwa wiki mbili, ulipunguza hadi siku 14. Utasema ni afadhali, na mama atakuunga mkono. Lakini ukibadilisha namna ya kuuliza, jibu nalo linabadilika, na kiasi linachobadilika kinatisha. Kati ya 2007 na 2008 watafiti walifanya jaribio hapa hapa Tanzania, katika wilaya 7. Walichukua kaya takribani 4,000 wakazigawa kwa kura katika makundi manane. Watu ni wa aina ileile, vijiji vilevile, msimu uleule. Kundi moja linaandika kila kinacholiwa katika daftari, jingine linaulizwa wiki iliyopita mlikula nini, jingine linaulizwa kwa mwezi wa kawaida huwa mnatumia kiasi gani, na kadhalika. Walipokuja kuhesabu wenye njaa, kundi moja lilitoa asilimia 19 na jingine asilimia 68. Njaa haikuhama. Kilichohama ni dodoso. Tangu niyaone matokeo yale, mtu akiniletea namba ya umaskini bila kuniambia iliulizwaje, naishika kwa vidole viwili kama yai lililokaa juani.

Na sasa gunia.

Mdadisi anakuuliza: msimu huu umeuza magunia mangapi ya viazi? Unamjibu 40. Anaandika 40. Shilingi ngapi kwa gunia? Tuseme 60,000. Anaandika, anashukuru, anakwenda swali la ng'ombe. Mbele ya safari kuna mtu ofisini anahitaji kilo, si magunia, kwa sababu taifa halijumlishi magunia. Katika jedwali lake gunia ni kilo 100. Anazidisha: kilo 4,000.

Mimi na wewe tunajua gunia la viazi la Isongole lilivyo. Limejaa hadi mdomoni, halafu juu limeshonewa kipande kingine cha gunia, kamba imepitishwa huku na huku kama kiatu, na viazi vinachungulia. Mara ya kwanza kulipima moja kwa mzani, miaka ile ya Makete, tulikuwa watu watatu kulinyanyua na mshale ulipita kilo 130. Nikakaa chini. Nilikuwa nimeshajaza madodoso ya vijiji vinne nikiandika 100, na hayakurudishwa, yalikwenda hivyo hivyo. Nasikitika kusema hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Fanya hesabu na 130 hiyo. Magunia yako 40 ni kilo 5,200. Kilo 1,200 hazikuandikwa popote: hukulipwa wewe, na takwimu za kilimo hazikuziona. Ni sawa na magunia 12 ya halali uliyotoa zawadi. Bei yako halisi si shilingi 600 kwa kilo, ni 461 na senti. Na hapa pana kituko ambacho hata wanafunzi wangu huwa hawakioni mara moja. Mtu wa ofisini akiamini kwamba kilo ya viazi Isongole ni shilingi 600, na akaitumia bei hiyo kuvithaminisha viazi mnavyokula nyumbani, basi kilo 60 mnazokula kwa mwezi anaziandika 36,000 badala ya elfu 27 na mia saba hivi. Chungu chenu kimepandishwa thamani kwa sababu gunia lenu limepunjwa. Unaibiwa sokoni, halafu wizi huohuo unakusogeza mbali na mstari wa umaskini! Watafiti wanaojali hubeba mizani na kupima debe, plastiki, sado na fungu la kila soko kabla ya kuanza, na huchukua bei kwa kipimo hicho. Wasiojali huchukua jedwali.

Lumbesa inakatazwa na Sheria ya Vipimo, hilo unalijua, na Wakala wa Vipimo hupita, hilo nalo unalijua. Kwa nini basi haifi? Watu wengi husema ni roho mbaya ya madalali. Mimi nasema tazama nani anatoza kwa nini. Mwenye lori anatoza kwa gunia. Wapakiaji wanalipwa kwa gunia. Ushuru getini, mahali pengi, unatozwa kwa gunia. Mnunuzi akifika sokoni Dar es Salaam, kule kushusha nako ni kwa gunia. Mahali ambapo kila mtu njiani anahesabu vichwa vya magunia, mfanyabiashara mwenye akili timamu atafanya magunia machache makubwa. Ukimkamata mmoja kesho atakuja mwingine, kwa sababu hesabu ni ileile. Siku usafiri, upakiaji na ushuru vikitozwa kwa kilo, lumbesa itakosa faida hata asipokuwepo askari.

Ona pia kwamba anayepunjwa si wewe peke yako. Halmashauri inayotoza kwa gunia inapoteza ushuru wa zile kilo 30 za juu kila gunia linapopita. Ushuru wa mazao ulikuwa hadi asilimia 5, ukapunguzwa mwaka 2017 usizidi 3 ya bei ya shambani, na mzigo usiozidi tani moja ukasamehewa. Lakini asilimia ya nini, kama getini hakuna mzani? Mkulima, halmashauri na Ofisi ya Takwimu, wote watatu wanalitazama gunia moja na kila mmoja anaandika kitu kisicho chenyewe. Ndiyo maana nilisema humo ndimo penye mambo.

Kuna kitu kingine ambacho namba ya kaya haikioni kabisa: nani ndani ya nyumba amekula. Matumizi yanagawanywa sawa kwa wote, kana kwamba baba, mama na mtoto wa mwaka mmoja na nusu walipakuliwa kwa haki. Nyanda za Juu Kusini ndizo zinazotuumbua katika hili. Utafiti wa afya wa 2022 ulikuta watoto walio chini ya miaka mitano wenye udumavu nchini ni asilimia 30. Iringa walikuwa 56.9. Njombe 50.4. Rukwa 49.8. Hii ndiyo mikoa inayolisha wengine mahindi, magari yanapanga foleni Makambako kuyabeba. Ghala limejaa na mtoto amedumaa, tena katika nyumba ambazo nyingi zimevuka mstari. Sababu zinabishaniwa na sitajifanya nimemaliza ubishi: kuna uji mweupe usio na kitu ndani, kuna maji na vyoo, kuna mama anayetoka alfajiri kwenda shamba au kwenye chai na kurudi jioni, mtoto ameachwa na dada yake wa miaka saba. Mimi hili la muda wa mama ndilo linalonishawishi zaidi, kwa sababu nimekaa kwenye nyua hizo saa nne asubuhi na sikuona mtu mzima.

Haya, nimekuwa upande wako muda mrefu, ngoja nikupinge kidogo. Unasema hakuna kilichobadilika. Panda juu kidogo pale kijijini uhesabu mapaa. Mwaka 1995 bati zilikuwa ngapi? Watafiti kadhaa walirudi katika vijiji vya Tanzania walivyovichunguza miaka ya nyuma, wakazitafuta familia zilezile, na sehemu nyingi walikuta nyumba za tofali na bati, mashamba yaliyopanuka, ng'ombe wa kulimia, watoto waliosomeshwa. Wenyeji walipoulizwa utajiri ni nini walitaja vitu hivyo, hawakutaja kula. Sasa daftari la siku 14 halinasi bati. Bati hununuliwa mara moja, labda miaka miwili mtu amejinyima akizikusanya, na katika miaka hiyo daftari litamwona anakula vibaya na kumwita maskini! Kwa hiyo namba hii inakosea huku na huku. Kuna wanaoonekana wametoka na hawajatoka, na kuna wanaoonekana wamezama kumbe wanajenga.

Ila bati haishushwi kulipa hospitali. Benki ya Dunia, ilipozichambua takwimu hizi mwaka 2019, ilieleza kwamba kwa kila Watanzania wanne waliotoka kwenye umaskini, watatu waliingia. Nadhani hilo ndilo jambo unalolisikia mwilini ukisema husogei. Msimu mmoja ukungu umepiga viazi, au bei imeanguka kwa kuwa Njombe nao wamechimba wiki ileile, au mzee amelazwa Mbeya wiki tatu, na kaya iliyokuwa juu ya mstari inaonekana chini yake. Mwaka unaofuata imerudi. Asilimia inayosomwa redioni inahesabu waliomo chumbani wakati wa kupiga picha. Mlango unavyofunguliwa na kufungwa hauhesabu.

Umeuliza kwa nini hawakurudi. Jibu la kwanza ni la kitaalamu na halipendezi: hakuna namba ya Isongole ya kukuletea. Umeshamwona mnunuzi wa mahindi anavyolichoma gunia kwa bambo, ule mrija wa chuma? Hamwagi gunia lote. Anachoma juu, anachoma katikati, anachoma chini, kwa kuwa anajua wajanja huweka mazuri juu, na kwa punje zile chache anaamua. Utafiti ule ulichoma Tanzania Bara nzima mahali 796, kila mahali kaya 12, na mwishoni zikapatikana kaya 9,463. Ukizigawa kwa mikoa 26 ya Bara ni wastani wa kaya 360 hivi kwa mkoa. Zinatosha kuizungumzia nchi, na kwa mkoa zinatosha kwa kusitasita. Kwa kijiji hazitoshi kitu. Ninyi mlikuwa punje kwenye bambo. Ndiyo maana nami hunikera gazeti likipanga mikoa kwa umaskini, wa kwanza hadi wa mwisho, kama ligi ya mpira, wakati tofauti ya wa tisa na wa kumi na tatu inaweza kuwa ni bahati ya vijiji vilivyochomwa.

Jibu la pili halina utaalamu. Hatukulelewa kurudi. Fedha za utafiti zina kifungu cha kwenda, kifungu cha kuchapisha, na kifungu cha warsha hotelini penye chai na korosho. Kifungu cha kurudi Isongole kwa siku moja, kusimama mbele ya mkutano wa kijiji na kusema "tulikuta hivi, nyinyi mnaonaje", mara nyingi hakimo. Mimi nimerudi vijiji vitatu tu katika maisha yangu yote ya kazi. Katika kimoja mzee mmoja alinisikiliza hadi mwisho, akasema kilimo cha mkataba nilichokisifia katika ripoti kilikufa miezi minane iliyopita, mnunuzi hakurudi. Ripoti ilikuwa imeshachapishwa.

Na kuna wakati hata kuchapisha kwenyewe kulitiwa kufuli. Septemba 2018 Bunge lilirekebisha Sheria ya Takwimu ya 2015, ikawa hatari kwa mtu kutangaza takwimu bila kibali au kutoa zinazopingana na za serikali. Benki ya Dunia yenyewe ilieleza wasiwasi wake hadharani. Mwaka 2019 vifungu vile vililegezwa. Lakini woga ukishaingia kwa mtafiti hautoki siku sheria inapobadilishwa. Nilikuwa na vijana walioacha kuuliza maswali ya rushwa na ushuru, wakahamia kwenye mbegu. Mbegu haina kesi.

Tukija kwenye ushuru na barabara ileile. Hapa ndipo utafiti unaweza kukufaa zaidi kuliko ile asilimia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 taasisi ya utafiti ya REPOA, pamoja na wenzao wa Norwei, waliwahoji wananchi katika halmashauri sita, na moja ni Iringa Vijijini. Walihoji watu 1,260 mwaka 2003, wakarudi tena 2006. Ni miaka ileile kodi ya maendeleo ilipofutwa. Wenye umri wangu wanaikumbuka kama kodi ya kichwa: mgambo alfajiri, vizuizi barabarani, wanaume kulala msituni. Baada ya kufutwa, chuki ya watu dhidi ya mtoza kodi ilipoa. Kitu ambacho hakikupona ni taarifa. Watu wengi mno walisema hawajawahi kuona popote tangazo la kodi iliyokusanywa na ilivyotumika. Ubao wa matangazo upo, una tangazo la chanjo na la mbuzi aliyepotea.

Nimelitaja hilo kwa sababu namba za nchi huwezi kuzigusa, lakini za kijiji chako zipo umbali wa kutembea kwa miguu. Kwa sheria ya serikali za mitaa ya 1982, mkutano mkuu wa kijiji, yaani ninyi wote mliofika miaka 18, unapaswa kukutana angalau kila miezi mitatu, na mapato na matumizi ya kijiji yanapaswa kusomwa hapo. Usiende kuuliza "hela zetu mnakula?", maana utajibiwa kwa hasira na mkutano utaishia hapo. Uliza maswali yenye namba. Robo hii yamepita magunia mangapi getini? Yalitozwa kwa gunia au kwa kilo? Halmashauri ilirudisha kijijini kiasi gani, tarehe ngapi? Mtendaji asipokuwa na jibu, omba iandikwe kwenye muhtasari kwamba swali limeulizwa. Kikao kijacho uliza tena, ukiwa na muhtasari mkononi. Nimeona mtendaji mmoja huku kwetu aliyeanza kubandika karatasi ubaoni kwa sababu tu akina mama wawili walikuwa wakiuliza swali lilelile kila robo, kwa upole, wamevaa khanga zao za mkutano.

Na kukataa? Sensa ni wajibu wa kisheria, hiyo usikatae. Kazi za Ofisi ya Takwimu ziko chini ya Sheria ya Takwimu, ambayo pia inambana mdadisi: analazimika kutunza siri, na jina lako haliruhusiwi kutoka. Lakini mtafiti wa chuo au wa shirika ni mgeni wako. Anatakiwa awe na kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, barua za mkoa na wilaya, na amepita kwa mtendaji na mwenyekiti. Baada ya yote hayo bado anapaswa kukuomba ridhaa wewe, na unaweza kusema hapana, au kukubali kisha ukaruka swali usilolipenda, au kumsimamisha katikati ng'ombe akivunja boma. Hakuna msaada utakaokosa kwa kukataa. Akikuambia upo, mwite mwenyekiti.

Mimi ningependa usikatae. Punje zikikataa, bambo litachota za jirani, na jirani yako labda ana duka. Ila mkaribishe kwa masharti. Mwombe karatasi yenye jina la taasisi na namba ya simu, uitunze pamoja na vyeti vya watoto. Muulize matokeo yatasomwa wapi na lini. Akifika kwenye swali la viazi, akikuuliza umeuza magunia mangapi, usimjibu kwanza. Mpeleke stoo, umwonyeshe gunia lilivyoshonwa juu, muulize kama amekuja na mzani. Kama hana, kapime moja kwenye mzani wa chama cha msingi au wa duka la pembejeo siku mliyopanga kupakia, uandike kilo kwa kalamu ya wino ukutani, halafu umwambie aandike hiyo.